Jinsi ya Kununua Sarafu za Zamani za Afrika Mashariki Kwenye Minada ya Mtandaoni Bila Kupigwa

Sarafu nyingi nzuri zilizowahi kupita kwenye maduka ya Bagamoyo, Unguja na Mombasa leo hazipo huku. Rupia za Wajerumani, pesa (sarafu ndogo za shaba) za Sultani Barghash wa Unguja na rupia za Mombasa za 1888 zimehifadhiwa kwenye makabati ya watu Ujerumani, Uingereza na Marekani, na baadhi yake hupigwa mnada mtandaoni mara kwa mara. Ukizitaka, itabidi ununue kitu usichokishika mkononi, kutoka kwa mtu usiyemjua, kwa fedha ya nchi nyingine. Inawezekana kabisa, lakini usalama wako unaamuliwa zaidi na kazi unayofanya kabla ya kutoa dau. Ukishashinda mnada bila kazi hiyo, nafasi ya kujiokoa ni ndogo.

Nitakwenda na mfano mmoja ili mambo yasielee hewani: rupia ya fedha ya mwaka 1890 iliyotolewa na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ni sarafu ya kweli ya historia yetu, bado inapatikana, na makosa yote ambayo mnunuzi mgeni hufanya yanaweza kutokea juu yake.

Anza na sarafu moja, uijue kama unavyomjua jirani

Watu wengi hufungua tovuti ya mnada kwanza, wakaona picha inayong'aa, ndipo wanaanza kujiuliza ile ni nini. Geuza utaratibu huo. Chagua sarafu, kisha chukua karatasi uandike vipimo vyake kabla hujaangalia mauzo yoyote.

Kwa rupia yetu utaandika hivi. Uzito: gramu 11.66. Kipenyo: karibu milimita 30. Madini: fedha ya kiwango cha 917 kwa 1,000, yaani karibu asilimia 92. Upande mmoja una Kaiser Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na maandishi GUILELMUS II IMPERATOR. Upande wa pili una nembo ya kampuni yenye simba na mtende, na jina Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Muundo huo ulitumika hadi 1902. Kuanzia 1904 jina la kampuni liliondoka, na rupia ikaanza kugawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64 za awali. Basi ukikuta rupia yenye nembo ya kampuni na mwaka 1908, huna haja ya kuuliza zaidi.

Andika pia namba za katalogi. Kwenye katalogi ya Krause sarafu hii ni KM 2, na kwenye ile ya Kijerumani ya Jaeger ni J. 713. Namba hizi ndizo zinazotumiwa na wauzaji wa nchi zote, na ukitafuta kwa namba utapata mauzo ambayo yangekupita kwa sababu tu yameandikwa kwa lugha usiyoijua. Tovuti ya Numista inakupa vipimo na picha bure, na ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kujua sarafu mapema kunakulinda hata na wauzaji wasio matapeli ila wenye maneno mengi. Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, ni mfano mkubwa. Kila moja ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, kwa sababu iliendelea kutengenezwa kwa tarehe ileile kwa zaidi ya karne mbili, Vienna na baadaye London, Roma, Bombay na kwingineko. Ilitumika Unguja, Oman, Yemen na Ethiopia. Riale halali inaweza kuwa ilitengenezwa jana, kwa hiyo anayekuuzia kwa maneno "ina miaka zaidi ya 240" anakuuzia tarehe tu.

Vivyo hivyo senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936 zenye jina la Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuingia kwenye matumizi, kwa hiyo wauzaji huandika "adimu sana" kwa herufi kubwa. Lakini sarafu zetu zenye tundu katikati, ambazo hazikuwa na sura ya mfalme, zilitolewa kwa wingi na leo zinapatikana kwa bei ndogo. Na shilingi za simba: za 1921 hadi 1946 zina fedha robo moja, kiwango cha 250. Kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hamna fedha hata chembe. Utaona zikiuzwa kama za fedha kila siku.

Kuna moja ya kuogopa zaidi: rupia 15 za dhahabu za Tabora, 1916. Vita ilipoendelea na meli za Uingereza zikiwa zimefunga njia ya bahari, Wajerumani walitengeneza sarafu kwenye karakana ya reli Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo na mlima nyuma yake, herufi ndogo T ya Tabora, uzito wa gramu 7.168 na kiwango cha 750. Naipenda kuliko sarafu nyingine yoyote ya eneo letu. Kwa sababu wengi wanaipenda, imeigwa sana, na nyingine zimeigwa kwa dhahabu halisi, hivyo kupima dhahabu peke yake hakukuambii lolote. Usiinunue nje ya kasha lililofungwa na kampuni ya uthibitisho, yaani inayokagua sarafu na kuifungia ndani ya plastiki, au nje ya nyumba ya mnada yenye jina.

Za kuacha, hata zikiwa halisi

Sarafu ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zenye maneno yenye vina pande zote mbili, huonekana mnadani mara chache. Zimetoka ardhini: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Mafia, na hata visiwa vya Wessel huko Australia, ambako chache ziliokotwa mwaka 1944. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kenya nayo ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Sarafu ya Kilwa isiyo na karatasi inayoonyesha ilitoka wapi na lini inawezekana sana iliibiwa kwenye eneo la kihistoria, na aliyeichimba ameharibu pia udongo ambao ungewaambia wataalamu ni ya wakati gani. Msimamo wangu hapa haubadiliki: bila karatasi za asili, usiguse.

Bei halisi ni ile iliyolipwa

Bei anayoomba muuzaji ni matumaini yake. Unachotaka kujua ni watu wamelipa kiasi gani kwa sarafu kama hiyo, yenye hali kama hiyo, miaka ya karibuni. Kwenye eBay kuna kichujio cha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Kitumie kila mara. Kwa nyumba za mnada, acsearch.info na CoinArchives huhifadhi matokeo ya nyuma pamoja na picha, ingawa baadhi ya huduma zao hulipiwa. Tovuti ya NumisBids nayo inakuwezesha kupitia minada iliyopita.

Kusanya matokeo kama kumi ya rupia ya 1890, uyapange kwa hali: zilizochakaa, za wastani, zilizo karibu na mpya. Utashangaa pengo lilivyo. Ukishakuwa na orodha hiyo, sarafu inayouzwa kwa nusu ya bei ya wenzake haitakufurahisha tena. Itakufanya uulize kwa nini.

Kama ni minada ya Ujerumani, ambako ndiko rupia nyingi huuzwa, jifunze vifupisho vyao: ss ni sarafu iliyotumika lakini nzuri, vz ni iliyotumika kidogo sana, st ni ambayo haijatumika. Na maneno haya matatu yakariri: Henkelspur, alama ya kitanzi kilichowahi kuchomelewa, gereinigt, imesafishwa, Randfehler, ukingo una kasoro. Ukiona Nachprägung au Kopie, funga ukurasa. Henkelspur ndilo la kuangaliwa kwetu kuliko yote, kwa sababu rupia na riale zilivaliwa. Mafundi waliziunganisha kwenye mikufu na vipuli kote pwani na Arabuni, na nyingi zimebaki na tundu lililozibwa au kovu la lehemu ukingoni. Ni historia nzuri, lakini bei yake hushuka sana.

Wapi pa kununulia

Kuna aina tatu za mahali, na kila moja ina ulinzi wa namna yake.

eBay ni soko la wazi: yeyote anauza. Ulinzi wake ni dhamana ya kurudishiwa pesa kama bidhaa haikufika au si kama ilivyoelezwa. Kuna tundu moja hapa ambalo Waafrika Mashariki wengi hawalijui. Muuzaji akikataa kutuma Dar es Salaam au Nairobi, watu hutumia kampuni ya kupokea mizigo yenye anwani ya Marekani au Uingereza. Mzigo ukishafika kwenye anwani hiyo, kisha ukapelekwa kwingine, dhamana ya eBay hainusuru tena safari ya pili. Kwa sarafu ya bei ndogo unaweza kukubali. Kwa sarafu ya thamani, tafuta muuzaji anayetuma moja kwa moja, au ndugu anayeishi huko aipokee, aipime na kuipiga picha kabla muda wa malalamiko haujaisha.

Catawiki ya Uholanzi huwa na wataalamu wanaopitia vitu kabla havijaingia mnadani, na malipo yako hayaendi kwa muuzaji mara moja. Huo ni ulinzi mzuri, ingawa mtaalamu anaangalia picha kama wewe.

Nyumba za mnada za wataalamu, kama Künker ya Osnabrück, Noonans ya London, Heritage na Stephen Album za Marekani, huishika sarafu mikononi na kuiandikia maelezo kwa jina lao. Kwa sarafu ghali, hapa ndipo mahali. Soma masharti ya mnada kabla ya kujiandikisha, hasa vipengele viwili: muda wa kurudisha sarafu ikibainika si halisi, na mafungu ya sarafu nyingi kwa pamoja. Mafungu hayo kwa kawaida hayarudishwi kwa sababu yoyote.

Makundi ya Facebook na WhatsApp yanayotangaza "mnada" hayana ulinzi wowote. Yanafaa kwa kujifunza na kujuana.

Soma picha, kisha uulize

Unahitaji picha ya pande zote mbili na ukingo. Ikiwa muuzaji ametumia picha moja yenye ukungu, au picha iliyo safi mno kuliko za bidhaa zake nyingine, iweke kwenye Google Lens uone kama imechukuliwa kwenye mnada mwingine. Wizi wa picha ndio utapeli mwepesi kuliko wote, na hugundulika kwa dakika moja.

Kisha linganisha na picha za sarafu iliyothibitishwa. Angalia unene wa herufi, nafasi kati ya namba za mwaka, macho ya simba. Sarafu iliyoigwa kwa kumiminwa kwenye kalibu huwa na vijishimo vidogo kama vya ndui na herufi zilizolainika pembeni. Ukingo wa riale halisi una maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka. Ukiona mshono unaozunguka katikati ya ukingo, pande mbili ziliunganishwa. Mng'aro mweupe kila mahali, hata kwenye mikunjo, kwa sarafu ya zaidi ya miaka 130, maana yake imesuguliwa.

Muulize muuzaji maswali mafupi yanayojibika: uzito wake ni gramu ngapi kwa desimali mbili? Kipenyo je? Kuna dalili ya kitanzi au tundu lililozibwa? Unaweza kunitumia picha ya ukingo? Muuzaji mwaminifu mwenye mizani hujibu. Asiye na mizani husema hana, na hilo nalo ni jibu. Anayekujibu kwa hasira, au anayekutaka mhamie WhatsApp mmalizane nje ya tovuti kwa bei nafuu zaidi, achana naye hapohapo. Maswali yote yabaki ndani ya mfumo wa tovuti, kwani ndiyo ushahidi wako baadaye.

Sarafu iliyo ndani ya kasha la NGC au PCGS, kampuni mbili za uthibitisho, ina namba. Iingize kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe sarafu yenyewe, doa kwa doa, na picha waliyoihifadhi kama ipo. Namba kuwa halali haitoshi, maana makasha nayo huigwa kwa kunakili namba ya sarafu nyingine. Na ukiona neno Details kwenye lebo, jua sarafu ni halisi ila ina kasoro kama kusafishwa au kukwaruzwa.

Hesabu kinyumenyume kabla ya dau

Bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, si bei yako. Tuseme rupia yetu imekufikia kwa euro 100. Nyumba ya mnada huongeza ada ya mnunuzi, mara nyingi kati ya asilimia 15 na 25. Tuchukue 20, ni euro 20. Usafirishaji wenye bima, tuseme euro 25. Sasa ni 145. Ikifika nyumbani kuna VAT, asilimia 18 Tanzania Bara au 16 Kenya, na ushuru wa forodha kama utahusika. Kwa VAT peke yake ya asilimia 18 umefika euro 171, na benki bado haijachukua chake kwenye kubadili fedha. Baadhi ya majukwaa ya kubidia moja kwa moja pia huongeza asilimia kadhaa zake, wakati ungeweza kubidi bure kwenye tovuti ya nyumba yenyewe.

Kwa hiyo anza na kiasi ulicho tayari kutokwa nacho chote, ondoa VAT, ondoa usafirishaji, ondoa ada. Kinachobaki ndicho dau lako la juu. Liandike kabla mnada haujaanza.

Kwenye eBay unaingiza dau la juu mara moja, na mfumo hukubidia kidogokidogo kadiri wengine wanavyopanda. Hulipi zaidi ya hatua moja juu ya mshindani wako. Sioni faida ya kuliweka siku tano kabla. Dau la mapema huwapa wengine muda wa kulipima, na kama muuzaji ana rafiki anayebidi kwa niaba yake, humpa muda wa kukusukuma hadi ukomo. Weka dau lako moja katika sekunde za mwisho, kisha uache. Ukishindwa, mauzo mengine ya rupia ya 1890 yatakuja. Ukisikia mkono unataka kuongeza "kidogo tu", rudi kwenye namba uliyoandika.

Kulipa na kusafirisha

Lipa kwa njia inayorudisha: PayPal kama malipo ya bidhaa, au kadi ya Visa au Mastercard. Kadi za mtandaoni zilizounganishwa na M-Pesa hufaa kwa sababu unaweka kiasi kinachohitajika tu. Kamwe usitumie PayPal ya "marafiki na familia", Western Union wala kutuma kwa simu kwa mtu usiyemjua. Pesa ikitoka imetoka. Nyumba kubwa za mnada huomba malipo ya benki, na kwao ni kawaida, mradi akaunti ni ya kampuni na imeandikwa kwenye ankara. Barua pepe ikija ghafla kusema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba iliyo kwenye tovuti yao, siyo iliyo kwenye barua hiyo.

Kampuni nyingi za usafirishaji zimeiweka sarafu kwenye orodha ya vitu zisivyopokea au zinavyopokea kwa masharti. Muulize muuzaji atatumia njia gani, kama bima inakubali sarafu, na kama itafika Afrika Mashariki. Sisitiza kifurushi chenye namba ya kufuatilia na saini. Thamani iandikwe ya kweli. Muuzaji anayekubali kuandika "zawadi, dola 10" anakuingiza kwenye kosa la forodha, na kifurushi kikipotea bima italipa hiyo dola 10. Wasiliana na wakala wa forodha kabla ya kushinda sarafu ghali, umpe maelezo kamili: sarafu ya kale ya kukusanya, madini yake, mwaka na thamani.

Kifurushi kikifika

Washa kamera ya simu kabla ya kukata utepe, na urekodi bila kukata hadi sarafu iwe kwenye mizani. Shika ukingo, usiguse nyuso kwa vidole.

Pima uzito kwa mizani ya sonara yenye desimali mbili. Rupia iliyotumika sana inaweza kupungua kidogo. Pengo la nusu gramu au zaidi lataka maelezo. Pima kipenyo. Kisha fanya kipimo cha maji: weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, funga sarafu kwa uzi mwembamba na uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayosoma ndiyo ujazo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia yetu ya gramu 11.66 itasoma karibu 1.13, yaani msongamano wa karibu 10.3. Riale ya gramu 28.07 itasoma karibu 2.75, yaani 10.2. Ukipata 8 au 9, hiyo si fedha ya kiwango hicho. Sumaku haitoshi, kwa kuwa shaba na risasi nazo hazivutwi.

Sarafu iliyo ndani ya kasha usiitoe; kagua kasha na namba yake.

Ikiwa kuna tatizo, fungua malalamiko ndani ya tovuti siku hiyohiyo, ukiambatisha video, picha ya mizani na maneno ya muuzaji mwenyewe kuhusu uzito. Usikubali ahadi ya "subiri kidogo, nitakurudishia", kwani mara nyingi inangojea muda wako wa kudai uishe. Usirudishe sarafu kabla mfumo haujakuelekeza, na ukirudisha tumia posta yenye ufuatiliaji.

Ikiwa ni sawa, usiisafishe kwa chochote: si limau, si dawa ya meno, si kitambaa. Iweke kwenye kishikio kisicho na plastiki ya PVC, mahali pakavu. Unyevu wa pwani ni adui wa fedha na shaba, kwa hiyo weka na vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya kasha. Ankara, picha za mnada, stakabadhi ya forodha na namba ya sarafu hiyo mnadani vihifadhi pamoja na sarafu, kwa karatasi na kwenye simu. Siku utakapotaka kuiuza, au warithi wako watakapotaka kujua ni nini hiki, karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha ilitoka wapi.